Somo Linaloanzia Mwisho

Matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, watu huulizana kwanza daraja la kwanza wako wangapi, kisha sifuri ni wangapi, kisha mtoto wa fulani kapata nini. Mstari wa Hisabati husomwa juu juu, maana kila mtu anajua utasemaje. Katika mtihani wa mwaka 2023 karibu watahiniwa tisa kati ya kumi walifaulu kwa jumla. Kwenye Hisabati walifaulu kama robo tu. Na hata hiyo robo ilipokelewa kwa ahueni, kwa sababu miaka kadhaa kabla ya hapo somo lilikuwa limegota kwenye asilimia 20, likipanda nukta na kushuka nukta.

Tukumbuke kufaulu kwenyewe ni nini. Alama D inaanzia 30. Kwa hiyo tunazungumzia vijana waliokaa shuleni miaka kumi na moja, wakafundishwa hesabu karibu kila siku ya juma, na watatu kati ya wanne hawakufikisha alama 30 katika 100. Fundi cherehani ambaye nguo tatu katika nne anazoshona hazivaliki angeambiwa afunge duka. Hapa wanaoambiwa wafunge ni wateja: hesabu si zako mwanangu, chukua masomo ya sanaa.

Maelezo yetu ya jambo hili tunayo tayari, na yamezeeka. Darasani kuna vipanga na kuna vilaza. Kipanga amezaliwa na kichwa cha hesabu, kilaza hakupewa, na mwalimu kazi yake ni kuwatambua wa kwanza mapema na kuwavumilia wa pili hadi kengele. Mzazi anayaamini haya kwa sababu na yeye aliambiwa hivyo. Mwalimu anayaamini kwa sababu yanampa usingizi. Ubaya ni kwamba hayaelezi takwimu. Vijana hao hao huandika insha, hukariri historia ya dunia nzima na hufaulu Biolojia yenye majina magumu kuliko fomula yoyote. Haiwezekani Mungu awe amegawa vichwa kwa haki katika masomo yote isipokuwa moja.

Tuache takwimu tuingie kwenye daftari. Mtoto wa darasa la tatu amepewa 52 kutoa 38. Ameandika 26. Mwalimu anapiga mkasi mwekundu, anasogea dawati la pili. Angesimama nusu dakika angeona jambo. Upande wa mamoja mtoto amekuta 2 juu na 8 chini. Aliambiwa siku ya kwanza kwamba namba ndogo hutolewa katika kubwa, basi akatoa 2 katika 8, akapata 6. Upande wa makumi, 5 kutoa 3 ni 2. Hakuna uzembe hapo. Kuna kanuni imefuatwa kwa utiifu mahali isipohusika, na mtoto huyu atakosa kwa namna hiyo hiyo kesho na mwakani, kwa sababu mkasi haukumwambia wapi alipotea.

Mwenzake wa darasa la tano ana nusu jumlisha theluthi. Ameandika mbili ya tano: juu kwa juu, chini kwa chini. Hili ni kosa maarufu kuliko yote ya sehemu, utalikuta Tandahimba, Kisumu na London. Kinachopaswa kutushtua ni kwamba hakushtuka. Alianza na nusu, akaongeza, akaishia na kitu pungufu ya nusu, na mkono ukaendelea kuandika swali linalofuata. Angekuwa amepewa nusu chapati, akaongezwa theluthi ya chapati, kisha akaambiwa jumla yake ni pungufu ya nusu, angelia. Kwenye daftari halii kwa sababu alama zile kwake si kiasi cha kitu chochote. Ni michoro yenye masharti.

Kwamba mtoto huyo ana akili ya kiasi, hilo halina mjadala, na lilipimwa zamani. Watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha mwaka 1985 walichokiona katika mji wa Recife, Brazil. Walinunua vitu kwa watoto watano wachuuzi, wa umri wa miaka 9 hadi 15, wakijifanya wateja wa kawaida, wakisikiliza hesabu zinavyopigwa. Baadaye wakawapa hesabu hizo hizo kwenye karatasi. Sokoni watoto walipatia asilimia 98. Kwenye karatasi, hesabu tupu zisizo na maneno, asilimia 37.

Mmoja wao aliulizwa bei ya nazi nne, kila moja cruzeiro 35. Akajibu kwamba tatu ni 105, ongeza 30, zinakuwa 135, na akamalizia 140. Safi kabisa. Alipopewa 35 mara 4 kwenye karatasi alisema nne mara tano ishirini, naweka mbili; mbili na tatu ni tano, mara nne ni ishirini. Akaandika 200. Mtoto huyo huyo, nazi zile zile. Kariakoo na Kongowea wapo kama yeye mia kwa mia, wanaorudisha chenji bila kupepesa macho, na kwenye daftari zao imejaa mikasi.

Tatizo basi liko njiani, kati ya nazi na karatasi. Na mtu aliyeifikiria njia hiyo kwa kina kuliko wengi aliwahi kuwa mwalimu wa hisabati Same, mkoani Kilimanjaro.

Robert Moses alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1935. Alisoma falsafa Harvard, akafundisha hesabu katika shule moja ya Bronx, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaenda Mississippi kuwaandikisha weusi kupiga kura. Alipigwa, alifungwa, wenzake waliuawa. Njia iliyotumika kule kumzuia mweusi kupiga kura ilikuwa ya kistaarabu kwa sura: karani anamtaka asome na kufafanua kifungu cha katiba ya jimbo. Mkulima aliyenyimwa shule tangu utotoni anashindwa, basi anaambiwa hafai kupiga kura kwa kuwa hakusoma. Jaji mmoja alimuuliza Moses kwa nini anawapeleka watu wasiojua kusoma kujiandikisha. Jibu lake, kwa jinsi alivyolisimulia miaka mingi baadaye, lilikuwa kwamba nchi haiwezi kumnyima mtu elimu kisha igeuke imhukumu kwa kukosa elimu.

Vita vya Vietnam vilipopamba moto akaitwa jeshini, ingawa umri wa kuitwa ulikuwa umempita. Alikwenda Kanada, na mwaka 1969 yeye na mkewe Janet wakafika Tanzania. Wakakaa hadi 1976. Moses alifundisha hisabati shule ya sekondari Same. Watoto wao watatu kati ya wanne walizaliwa nchini. Ilikuwa miaka michache tu baada ya Elimu ya Kujitegemea, andiko la mwaka 1967 ambamo Nyerere alilalamika kwamba shule ya msingi imegeuzwa ngazi ya kuwachuja wachache wanaokwenda sekondari, na wengi wanaobaki wanaonekana wameshindwa. Sijui mwalimu gani wa hisabati angeweza kuishi katikati ya mjadala huo asitoke na kitu.

Waliporudi Marekani, binti yao mkubwa, aliyepewa jina la Maisha, alifika darasa la nane katika mji wa Cambridge, Massachusetts, na shule yake ilikuwa haifundishi aljebra. Baba akataka kumfundisha nyumbani. Binti akakataa kufanya hesabu mara mbili kwa siku, ya shule na ya baba. Mwalimu wake akamkaribisha mzazi huyo aje amfundishe pale pale darasani, pamoja na wenzake wachache. Ilikuwa mwaka 1982. Moses akaona kilichomrudisha Mississippi: watoto waliokuwa wakiandaliwa kwa aljebra walikuwa weupe wa familia zenye uwezo, na waliobaki chini walikuwa weusi na maskini, nao wameshakubali kwamba hapo ndipo mahali pao. Bila aljebra hupati hesabu za juu, bila hesabu za juu hupati chuo cha maana, bila chuo hupati kazi za uchumi mpya. Karani wa katiba alikuwa amerudi, safari hii ameshika chaki. Kutokana na darasa lile kukazaliwa Mradi wa Aljebra, ambao Moses aliufanyia kazi hadi karibu na kifo chake, Julai 2021.

Cha maana kwetu ni namna alivyofundisha. Moses alisema somo la kawaida la hesabu huanzia mwisho. Mwalimu anaingia na alama, anaandika kanuni, anatoa mfano, anatoa mazoezi. Alama ndizo mahali watu waliofikiria sana walifika baada ya safari ndefu, na sisi tunamtupa mtoto hapo bila safari. Yeye akaweka hatua tano. Kwanza tukio ambalo wanafunzi wote wamelipitia kwa miguu yao. Pili, walichore. Tatu, walieleze kwa lugha yao ya kila siku, hata kama haijanyooka. Nne, wachambue kwa lugha ya mpangilio: hapa kipi kinahesabika, kipi kinaanza, kipi kinaelekea wapi. Tano, ndipo zije alama, na wanafunzi wanaweza kubuni za kwao kabla ya kupewa zinazotumika duniani.

Tukio lake maarufu lilikuwa safari ya treni ya chini ya ardhi, njia nyekundu ya mji wa Boston. Watoto walipanda, wakahesabu vituo, wakarudi darasani kuchora. Dar es Salaam tuna mabasi ya mwendokasi na hatuhitaji kusubiri msaada wa mtu. Darasa lichague kituo kimoja kiwe sifuri, tuseme Magomeni Mapipa. Kuelekea mjini, Jangwani ni moja, Fire ni mbili. Kuelekea Kimara, Usalama ni moja na Mwembechai ni mbili pia, na hapo watoto wenyewe watagombana: kuna mbili mbili, nitajuaje nimeshuka wapi? Ugomvi huo ndio somo. Wataafikiana kwamba upande mmoja uwekewe alama ya kuutofautisha, na mwalimu atawaambia wakubwa wa dunia huweka kistari. Mwembechai ikawa hasi mbili.

Sasa swali: kutoka Mwembechai hadi Jangwani ni vituo vingapi, na kuelekea wapi? Kila aliyechora anaona vitatu, kuelekea mjini. Ulipofika ni moja, ulipotoka ni hasi mbili, na kutafuta umeenda kiasi gani unachukua ulipofika ukatoa ulipotoka. Moja kutoa hasi mbili ni tatu. Kile kitendawili cha "hasi na hasi huwa chanya", ambacho maelfu wamekikariri kama dua ya lugha ngeni, kimeketi mbele yao kimevaa nguo za nyumbani. Na anayeishi Mpwapwa atumie barabara ya kijiji chake, sifuri ikiwa mnadani. Kinachotakiwa ni kitu kilichotembewa.

Hatua ya tatu, ya kueleza kwa lugha ya kila siku, ndiyo inayotutoa jasho. Mtoto wa shule ya serikali Tanzania hujifunza hesabu kwa Kiswahili miaka yote ya msingi. Anajua mabano, vipeo, kigawe kidogo cha shirika, namba tasa, eneo na mzingo. MAGAZIJUTO anaiimba. Anaingia kidato cha kwanza, na kati ya Desemba na Januari msamiati wote huo unafungiwa kabatini. Kila kitu ni Kiingereza, na Kiingereza chenyewe bado anakitafuta. Sera ya elimu ilipohuishwa mwaka 2023 ililiacha hilo lilivyo kwa sekondari. Nimewasikia watu wazuri wakiutetea uamuzi huo kwa hoja za dunia na ajira, na sitaki kuanzisha hapa ule mjadala usiokwisha. Nasema jambo dogo zaidi: mwanafunzi hawezi kubishana kuhusu vituo vya Magomeni kwa lugha ambayo hajui kugombana kwayo. Atanyamaza. Na darasa la hesabu lililonyamaza linabaki na hatua moja tu, ya tano. Walimu wengi wanalijua hili, ndiyo maana huchanganya lugha mlango ukiwa umefungwa na mkaguzi akiwa mbali. Wangeruhusiwa kufanya hivyo waziwazi, kwa mpango, angalau mwaka wa kwanza, pangetoka hewa safi.

Kabla ya hapo kuna shimo jingine, la kasi. Muhtasari una mada zake na mada zina wiki zake. Wiki ya kutoa ikipita imepita, hata kama nusu ya darasa haikuelewa kutoa kwa kukopa. Mtoto anabeba pengo hilo darasa la nne, la tano, la sita, na kila mada mpya inajengwa juu yake. Kufika kidato cha tatu mwalimu anafundisha milinganyo kipeo cha pili kwa mtu ambaye tatizo lake halisi ni 52 kutoa 38.

Ushahidi wa jambo hili uko jirani kabisa. Magharibi mwa Kenya watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule zilizogawiwa vitabu vya kiada na kuzilinganisha na zisizopata. Kila mtu alitarajia ufaulu upande. Haukupanda, isipokuwa kwa watoto waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza na kwa kiwango ambacho wengi hawakukifikia. Vilimsaidia anayeweza kuvisoma. Kremer huyo, pamoja na Esther Duflo na Pascaline Dupas, baadaye walizitazama shule 121 za eneo hilo hilo, ambapo katika baadhi yake darasa la kwanza liligawanywa mikondo miwili kwa kufuata walichokijua watoto. Tungedhani mkondo wa chini utaumia. Mikondo yote miwili ilipanda, kwa kuwa mwalimu wa kila mkondo sasa alikuwa na watu anaoweza kuwafundisha kutokea mahali walipo.

Nina wasiwasi na mikondo, nakiri. Mkondo wa B ukishaitwa B unaweza kugeuka kaburi. Ndiyo maana napendelea namna ya taasisi ya Pratham ya India, ambayo Zambia imeichukua na kuiita Catch Up ndani ya shule zake za serikali: kwa muda fulani wa siku watoto wa madarasa tofauti hukusanywa kwa kile wanachokiweza, anayejua makumi na mamoja hapa, anayejua kuzidisha pale, kwa vijiti na michezo, na akishaweza anahama kundi. Hakuna anayeandikiwa daraja la maisha. Muda ukiisha kila mtu anarudi darasani kwake.

Na fedha? Tanzania hilo nalo lilijaribiwa. Mwaka 2013 na 2014, katika shule 350 za wilaya kumi, baadhi ya shule zilipewa ruzuku, baadhi walimu waliahidiwa bonasi kwa matokeo ya wanafunzi, na baadhi zikapata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikusogeza alama za watoto. Bonasi peke yake ilionesha matunda ya hapa na pale. Zilipokwenda pamoja ndipo mabadiliko yakaonekana waziwazi. Kitabu kinataka mwalimu mwenye sababu ya kukifungua, na mwalimu mwenye hamu anataka kitabu.

Lakini mwalimu naye alifundishwa na nani? Kuna kitabu cha Liping Ma, kilichotoka mwaka 1999, ambacho ningependa kila chuo cha ualimu kiwe nacho. Aliwauliza walimu wa shule za msingi wa Marekani na wa China swali moja: moja na robo tatu gawanya kwa nusu, kisha tunga kisa kinacholingana na hesabu hiyo. Wachina wote 72 walipata jibu. Wamarekani, 23 kwa idadi na wenye shahada zao, hawakufika nusu. Kwenye kisa ndipo palipochimbika zaidi: wengi walieleza kugawia watu wawili, ambako ni kugawanya kwa mbili, wala si kwa nusu. Kisa sahihi ni chepesi ukishakiona. Una unga kilo moja na robo tatu, kila mfuko unachukua nusu kilo, utajaza mifuko mingapi? Mitatu na nusu.

Wachina wale hawakuwa na elimu kubwa. Wengi walisoma miaka pungufu ya wenzao, chuo cha ualimu cha miaka miwili mitatu baada ya darasa la tisa au zaidi kidogo. Walichokuwa nacho ni desturi ya kukaa chini pamoja kila wiki na kuichambua mada ya somo: watoto watakosea wapi, tuanze na mfano upi, kwa nini huu na si ule. Japani ina desturi ya jamii hiyo hiyo. Walimu hupanga somo moja pamoja, mmoja akafundisha, wengine wakakaa nyuma wakitazama wanafunzi, kisha wakalirekebisha. Japani ilisaidia pia mpango wa SMASSE ulioanza Kenya mwaka 1998 kwa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Tanzania nayo ina MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo yanataka walimu wakutane shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji. Wazo ni zuri. Nasikitika tu kwamba mahali pengi kikao kama hicho huishia kwenye matangazo, michango na fomu ya mahudhurio. Dakika arobaini za kuchambua kwa nini watoto wetu wanaandika 26 zingefaa kuliko semina ya siku tatu hotelini.

Nasikia mwalimu akiniuliza: wewe uliyekaa na kalamu yako, umewahi kusimama mbele ya wanafunzi tisini? Swali la haki. Tangu ada ifutwe mwaka 2016 vyumba vimefurika, na hakuna maneno yanayopunguza idadi. Ila hata kwa tisini ubao ni mmoja, na unaweza kutumika vingine. Walimu wa Kijapani hawafuti ubao katikati ya somo. Huandika swali kushoto, kisha njia mbili tatu tofauti za wanafunzi zikae bega kwa bega, ikiwemo yenye kosa, na darasa zima lijadili ipi inafika na ipi imekwama wapi. Huhitaji kusahihisha madaftari tisini ili kujua darasa limekosea nini. Makosa ya hesabu hayana aina tisini, kwa kawaida yana tatu au nne. Pitia madaftari kumi ukiwa unatembea, chukua mawili, yaandike ubaoni bila majina.

Sharti lake ni kwamba kosa lisiwe na kiboko. Mwanafunzi aliyechapwa kwa jibu baya hatatoa jibu tena, zuri wala baya, na mwalimu atakuwa amejifungia dirisha lake mwenyewe.

Kenya wamepita hivi karibuni kwenye njia panda inayotuhusu. Katika mpangilio wao mpya wa shule ya juu, mpango wa awali ulitaka hisabati isiwe lazima kwa kila mwanafunzi. Wazazi na walimu wakapiga kelele, na Aprili 2025 wizara ikatangaza kwamba itakuwa lazima kwa wote, ya aina mbili: moja kamili kwa wa sayansi na teknolojia, nyingine nyepesi kwa waliobaki. Naunga mkono kelele zile. Nitakachotazama ni nani atapangiwa kufundisha ile ya pili. Ikipewa walimu waliokosa vipindi, na vitabu vilivyobaki, itakuwa jaa lenye jina zuri.

Moses alikuwa na jibu lake kwa waliobaki. Katika miaka ya 1990 alirudi Mississippi, safari hii kufundisha katika sekondari ya Lanier, mjini Jackson, na mpango wa mradi wake ukaja kulenga wanafunzi wa robo ya chini kabisa. Hawakupewa hesabu nyepesi. Walitakiwa kusoma hisabati dakika 90 kila siku, miaka yote minne, pamoja, katika darasa dogo. Aliyebaki nyuma akapewa muda mwingi kuliko wa mbele.

Sisi tunafanya kinyume, na tunafanya kwa makusudi. Pita katika shule yoyote uulize mwalimu bora wa hisabati yuko darasa gani. Msingi atakuwa la saba, sekondari kidato cha nne. Ndiko kwenye mtihani, ndiko mkuu wa shule anakopimwa. Darasa la kwanza na kidato cha kwanza, mahali mapengo yanapozaliwa na msongamano ni mkubwa kuliko kote, hupewa aliyeripoti juzi, au aliye karibu kustaafu, au mwalimu wa somo jingine aliyeombwa "ashikilie" kidogo. Ratiba hiyo haikuletwa na wizara wala mfadhili. Hupangwa na mwalimu wa taaluma, kwa penseli, wiki ya kwanza ya Januari, na inaweza kupangwa vingine wiki hiyo hiyo bila senti moja kuongezeka. Mkuu atakayethubutu ajiandae kwa mwaka mmoja au miwili ya kuitwa ofisi ya wilaya kueleza kwa nini kidato cha nne kimeshuka. Atahitaji afisa elimu anayeweza kusikiliza jibu lenye kusubiri miaka minne, na wazazi walioelezwa mapema kwenye kikao.